Je, Wajua? Kipepeo wa Bustani ya Dodoma Huanzia Kwenye Jani

Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, hukatika Aprili, na jumla yake kwa mwaka ni kama milimita 500 hadi 600. Baada ya hapo ni upepo, vumbi na jua. Mtumishi aliyehamishiwa hapa kutoka Tanga au Bukoba huitazama bustani yake mwezi Septemba na kuamini kwamba kipepeo hawezi kuishi katika ardhi hii. Wapo. Mwezi huo wengi wao wako kwenye vijiti vikavu, chini ya majani yaliyopukutika au ndani ya udongo, wakingoja mvua.

Yaliyokusanywa hapa mengi yanaonekana kwa macho matupu katika ua wa nyumba ya kawaida, iwe Nkuhungu au Kisasa, iwe Bahi, Kongwa au Mpwapwa. Sharti ni moja: mtazamaji ayachunguze majani kabla ya maua. Ua humnywesha kipepeo kwa dakika chache, lakini jani ndilo lililomlea.

Je, wajua kwamba kinyesi cha ndege juu ya jani la mndimu huenda kina miguu?

Mti wa kwanza wa kuchunguza ni mndimu, na kama hauna mndimu, mlimau au mchungwa utafaa. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano iliyopauka, yule anayekatiza bustani kwa kasi bila kutulia, ni *Papilio demodocus*. Anapatikana karibu kila mahali kusini mwa Sahara. Jike huuzunguka mti, hugusa jani, huruka, hugusa jingine. Hapo anaonja. Vipepeo wana vihisi vya ladha miguuni, na mama huyu hulikanyaga jani ili atambue kemikali zake kabla ya kuliamini kuwa chakula cha wanawe. Akiridhika hutaga yai moja dogo la mviringo, mara nyingi kwenye jani changa la ncha ya tawi, kisha huhamia jani jingine.

Kiwavi anayetoka kwenye yai hilo ni wa kahawia iliyokoza, ana baka jeupe katikati ya mwili, na hukaa juu ya jani waziwazi mchana kutwa. Hana haja ya kujificha, kwa kuwa hakuna ndege anayetafuta kinyesi cha ndege mwenzake ale. Akishakua, umbo lake hulipita tone lolote la kinyesi na hila ile haimfai tena. Basi hujivua ngozi na kutokea akiwa kijani kibichi, na mistari ya kahawia ya mshazari ubavuni, rangi za jani na kivuli chake. Kwenye mti mmoja unaweza kuwakuta wa sura zote mbili kwa wakati mmoja, na wenye bustani wengi hudhani ni wadudu wawili tofauti.

Mguse taratibu kwa kijiti nyuma ya kichwa. Pembe mbili laini za rangi ya chungwa zitachomoza ghafla kutoka ndani ya ngozi, na harufu kali itakufikia puani. Pembe hizo hazichomi, na hazimdhuru mtoto anayezigusa. Kazi yake ni kuwafukuza sisimizi na wadudu wawindaji. Baada ya muda mfupi kiwavi huzirudisha ndani na kuendelea kula.

Akishashiba vya kutosha huacha jani, hutafuta kijiti, hujifunga mkanda wa uzi wa hariri kiunoni na kugeuka pupa. Aliye katikati ya majani mabichi mara nyingi huwa kijani. Aliye kwenye kijiti kikavu au ukutani huwa wa kahawia. Wakati wa mvua kipepeo hutoka baada ya wiki mbili au tatu. Kiangazi kikimkuta humo, anaweza kukaa miezi.

Je, wajua kwamba kipepeo anaweza kukumbuka mambo aliyojifunza akiwa kiwavi?

Ndani ya pupa sehemu kubwa ya mwili wa kiwavi huvunjwavunjwa, na mabawa, miguu mirefu na macho makubwa hujengwa kutokana na vifurushi vidogo vya seli alivyokuwa navyo tangu utotoni. Mtu angetarajia kwamba mabomoko makubwa namna hiyo hayaachi kumbukumbu yoyote. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walichapisha jaribio walilofanya kwa nondo wa tumbaku. Waliwafundisha viwavi kuikwepa harufu fulani kwa kuwapa mshtuko mdogo wa umeme kila walipoinusa. Viwavi waliofundishwa karibu na wakati wa kugeuka pupa walitoka wakiwa nondo wenye mabawa, na bado waliikimbia harufu ile.

Je, wajua kwamba nondo anayekula mzabibu akiwa mtoto huuzalisha mpapai akiwa mkubwa?

Dodoma ni nchi ya zabibu. Kuanzia Hombolo na Makutupora hadi Mpunguzi na Mvumi, mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na hata mjini wapo wanaoupandisha mche mmoja juu ya banda la gari ili wapate kivuli na matunda pamoja. Mmoja wa wanaoufurahia mche huo ni kiwavi wa *Hippotion celerio*. Ni mnene, anaweza kufika karibu sentimita 8, ana pembe moja nyembamba mkiani na mabaka mawili yanayofanana na macho karibu na kichwa. Akitishwa huvuta kichwa ndani, sehemu ile ya mabaka hutuna, na kinachoonekana mbele yako ni uso wa nyoka mdogo. Ndege wengi husita. Watu pia husita, na wengi wao humponda kwa kandambili.

Mkulima wa ekari nzima ana haki ya kuwa na wasiwasi, maana viwavi wengi kwa pamoja hunyoa matawi machanga. Lakini mwenye mche mmoja nyumbani angefanya vyema amwache huyu mmoja amalize mlo wake. Akishakua atashuka ardhini, atageuka pupa kwenye takataka za majani au chini kidogo ya udongo, na atatoka nondo mwenye mwili uliochongoka na mistari ya rangi ya fedha kwenye mabawa. Jua likizama utamwona akielea hewani mbele ya ua bila kutua, mabawa yakipiga kwa kasi kiasi kwamba hayaonekani, mrija wake mrefu ukiwa ndani ya ua. Ni msafiri hodari: wa aina yake huondoka Afrika na kufika hadi Ulaya, Uingereza ikiwemo.

Sasa tuutazame mpapai. Maua yake ni meupe yaliyopauka na hunukia zaidi jioni, jambo linaloonyesha kwamba mgeni wanayemngoja ni wa usiku. Mtaalamu wa wadudu kutoka Kenya, Dino Martins, pamoja na mwenzake Steven Johnson, walichunguza mipapai ya wakulima katika Bonde la Kerio na kuchapisha matokeo yao mwaka 2009. Wachavushaji walikuwa nondo wa jamii hii hii, na mashamba yaliyo karibu na vichaka vya asili yalitembelewa nao zaidi kuliko yaliyo mbali navyo.

Mpapai una siri nyingine. Ua dume lina asali, ua jike halina hata tone. Nondo huenda kwenye ua jike kwa sababu linafanana na lile dume, huzamisha mrija, hakuti kitu, na huondoka akiwa ameshaacha chavua. Ndiyo maana desturi ya kukata kila mpapai dume kwa kuwa hauzai huwarudia wakulima vibaya. Mti mmoja au miwili ya kiume katika eneo inatosha kuwapa nondo sababu ya kuja na kuwapa majike chavua ya kuzalia.

Je, wajua kwamba kipepeo wa kawaida kabisa wa vichochoroni amechorwa katika kaburi la Misri ya kale?

Katika picha ya ukutani iliyotoka kwenye kaburi la Nebamun, mwandishi wa hesabu za nafaka aliyeishi Thebes karibu mwaka 1350 kabla ya Kristo, Mmisri huyo anaonekana akiwinda ndege kwenye mabwawa. Picha hiyo sasa ipo British Museum mjini London. Kati ya ndege wanaoruka, mchoraji aliweka vipepeo wa rangi ya chungwa wenye ncha nyeusi za mabawa na madoa meupe. Ni *Danaus chrysippus*, yule yule anayepepea polepole juu ya magugu ya kiwanja kisichojengwa Ipagala.

Kupepea kwake polepole kuna sababu. Kiwavi wake, mwenye mistari myeusi, myeupe na ya manjano na jozi tatu za vipembe vyeusi laini, hula mimea yenye utomvu mweupe mithili ya maziwa. Mmoja wao ni kile kichaka cha majani mapana ya kijani kijivu na maua ya zambarau kinachoota kwenye ardhi kavu iliyochoka na ambacho mbuzi hukipita bila kukigusa. Utomvu huo una sumu ya moyo. Kiwavi huila, huihifadhi mwilini, na hata akigeuka kipepeo bado anayo. Ndege mchanga akimla hutapika, na hamgusi mwingine wa rangi hiyo. Mwenye silaha ya namna hiyo hana haja ya kukimbia.

Hapa ndipo anapoingia mwongo. *Hypolimnas misippus* hana sumu. Dume lake ni jeusi, na kila bawa lina doa kubwa jeupe lenye ukingo unaometa buluu ya zambarau. Huwezi kumchanganya na mwingine. Jike halifanani naye hata kidogo: ni la rangi ya chungwa na ncha nyeusi, nakala ya *Danaus* hadi kwenye madoa. Wapo *Danaus* ambao ncha zao si nyeusi, na wapo majike wa *Hypolimnas* wanaoigiza hao pia. Ukiwatazama wakiruka utadanganyika kama ndege. Subiri atue, kisha hesabu madoa meusi katikati ya bawa la nyuma. *Danaus* huwa nayo kadhaa. Mwigaji kwa kawaida ana moja tu, karibu na ukingo wa mbele. Viwavi wake hula mimea isiyo na sumu, mmojawapo ule wa kutambaa wenye majani madogo manene yaliyojaa maji, ambao wenye bustani huung'oa kila wanapopalilia mchicha. Anayetaka kumwona dume yule mweusi aache kipande kidogo cha magugu hayo.

Na kuna jambo la kuhuzunisha na la kushangaza kwa pamoja. Kusini mwa Kenya, karibu na Nairobi, watafiti waligundua kwamba majike wengi wa *Danaus* huzaa mabinti peke yao. Bakteria wa kundi la *Spiroplasma*, anayerithishwa kutoka kwa mama, huwaua watoto wa kiume wakiwa bado ndani ya yai. Mabinti huishi na kumbeba bakteria huyo kwenda kizazi kinachofuata.

Je, wajua kwamba kuna kipepeo anayevaa nguo za kiangazi na nguo za masika?

Jioni, kuku wakishaingia bandani, kipepeo wa kahawia huinuka kutoka chini ya mwembe, huruka mita chache na kuanguka tena kwenye majani makavu, na hutamwona tena hata ukikodoa macho. Ni *Melanitis leda*. Kiwavi wake ni wa kijani na hula nyasi. Wale wanaokua wakati wa mvua hutoka na madoa ya duara, mithili ya macho, yanayoonekana wazi upande wa chini wa bawa; madoa hayo humfanya ndege adonoe ukingo wa bawa badala ya kichwa. Wale wa kiangazi karibu hawana madoa hayo. Bawa lao lina rangi na mshipa wa jani lililokauka, na kila mmoja yuko tofauti na mwenzake, kama yalivyo majani yenyewe. Ni wa aina moja, mama anaweza kuwa mmoja, na kinachoamua ni hali ya hewa aliyolelewa nayo kiwavi.

Katika nyanda zilizoinuka za Afrika Mashariki yuko *Precis octavia*, ambaye mabadiliko yake ni makubwa zaidi: wa masika ni mwekundu wa chungwa, wa kiangazi ni wa buluu. Kwa muda mrefu wanasayansi waliwaandika kuwa aina mbili.

Je, wajua kwamba mboga ya mgagani na mti wa mswaki vina jamaa mmoja?

Nchi kavu ina vipepeo wake maalumu. Wadogo weupe wenye ncha za rangi ya chungwa, nyekundu au zambarau, wanaoruka karibu na ardhi kwenye migunga, ni wa kundi la *Colotis*, na viwavi wao wengi huishi kwenye vichaka vya ukoo mmoja ulio karibu sana na mgagani, vichaka vinavyobaki kijani hata Oktoba. Aina mojawapo, *Colotis amata*, hulelewa na mswaki, mti ule ule ambao vijiti vyake husafishia watu meno. Mimea hii yote huzalisha mafuta makali yanayowasha, ya jamii ya haradali, ambayo huwafukuza wadudu wengine, ila vipepeo weupe na mababu zao wameishi nayo kwa muda mrefu hata harufu hiyo ndiyo inayowaita.

Ndugu yao, *Belenois aurota*, mweupe mwenye mishipa ya kahawia, ndiye anayefanya ile misafara mikubwa. Vizazi kadhaa vikifuatana kwenye vichaka hivyo baada ya mvua nzuri, majani huisha, na vipepeo kwa maelfu huondoka wote kuelekea upande mmoja, wakipita juu ya paa na barabara siku baada ya siku. Hawazunguki nyumba, huipanda juu na kushuka upande wa pili.

Lakini bingwa wa safari ni mwingine, *Vanessa cardui*, wa rangi ya chungwa iliyofifia, mweusi na mweupe penye ncha, anayeonekana Tanzania na karibu dunia nzima. Kati ya Ulaya na Afrika ya kitropiki, vizazi vyake hupokezana safari ya kwenda na kurudi ya kilomita 12,000 hadi 15,000, wakivuka Sahara. Oktoba 2013 walionekana wachache wamechoka kwenye ufuo wa Guyana ya Ufaransa, Amerika Kusini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024, uliotumia vinasaba, chavua iliyoganda mwilini na dalili za upepo, ulionyesha kuwa walivuka Bahari ya Atlantiki kutoka Afrika Magharibi, kilomita zisizopungua 4,200.

Je, wajua kwamba bomba linalovuja linaweza kuvuta vipepeo kuliko bustani ya maua?

Mwezi Mei, ardhi ikianza kupasuka, tazama tope la chini ya bomba au mahali ng'ombe walipokojoa. Vipepeo waliokusanyika hapo ni madume karibu wote. Wanafyonza chumvi ambayo hawaipati kwenye asali ya maua, na sehemu ya chumvi hiyo humpa jike wakati wa kupandana, ili aiweke kwenye mayai. Ukimwaga ndoo ya maji ya kuoshea vyombo mahali pamoja kila siku utakuwa umewaandalia kikao.

Wengine hawaji kwa maua wala kwa tope. *Charaxes*, wenye mwili mnene na mbio kali, hufuata embe bovu, papai lililochacha na utomvu wa mti uliojeruhiwa. Weka ganda la ndizi mbivu sana kwenye kivuli na utawaona wakilewa hadi unaweza kuwasogelea kwa pua.

Je, wajua kwamba kuna mama ambaye hatoki nyumbani maisha yake yote?

Kwenye migunga utaona vifurushi vya miiba au vijiti vilivyopangwa sambamba, vikining'inia na wakati mwingine vikitembea. Ndani yuko kiwavi wa nondo, amejishonea mfuko wa hariri na kuuvika vijiti alivyovikata mwenyewe. Anapokua huongeza mfuko. Dume likikomaa huota mabawa na kuruka. Majike wa aina nyingi hawaoti mabawa kabisa: hungoja humo humo, hupandwa humo, hutaga mayai humo na kufa.

Je, wajua kwamba kiwavi wa kunde ana walinzi?

Kipepeo mdogo wa buluu anayezunguka maua ya kunde, choroko na mbaazi ni *Lampides boeticus*. Mkulima hampendi, kwa kuwa kiwavi wake hutoboa ganda na kula mbegu. Hata hivyo ana mambo mawili ya kutazamwa. Nyuma ya mabawa ana vikia vyembamba na madoa meusi, na akitua huyasugua mabawa hivyo kwamba vikia hutikisika kama papasi za kichwani. Ndege hudonoa upande huo na kubaki na kipande cha bawa. Kiwavi naye ana tezi ya maji matamu mgongoni. Sisimizi huyalamba, na kwa sababu ya utamu huo huwafukuza nyigu wanaokuja kumdhuru.

Je, wajua kwamba kivuli cha mwarobaini karibu hakina viwavi?

Dodoma imejaa mwarobaini, na kwa jua hili ni vigumu kuulaumu. Mbegu na majani yake yana kemikali inayoitwa azadiraktini, ambayo humfanya mdudu aache kula na kushindwa kujivua ngozi. Wakulima wanaotwanga mbegu zake na kunyunyizia maji yake mbogani wanaitumia kemikali hiyo. Ua uliozungushiwa mwarobaini pekee utakuwa na kivuli kizuri na vipepeo wapitanjia. Ukichanganya na mndimu, mkwaju, migunga michache iliyoachwa wakati wa kusafisha kiwanja, na mmoja wa ukoo wa mjohoro, hali hubadilika. Viwavi wa *Catopsilia florella*, kipepeo mweupe wa kijani kilichopauka, hula majani ya ukoo huo.

Je, wajua kwamba adui wa shamba lako huenda alishukia Dodoma akibebwa na upepo?

Si haki kuwaandika viwavi kama kwamba wote ni wageni wema. Viwavijeshi, watoto wa nondo *Spodoptera exempta*, wakiwa wachache huwa wa kijani na wapole. Wakisongamana hugeuka weusi na kutembea kwa makundi, wakifyeka uwele, mtama, mahindi na malisho. Hawali kunde wala karanga. Milipuko ya kwanza ya msimu mara nyingi hutokea katika Tanzania ya kati na mashariki mwanzoni mwa mvua, kisha nondo wanaozaliwa hapo hupanda juu usiku na upepo huwapeleka kaskazini hadi Kenya na mbele zaidi.

Mwaka 2017 Tanzania ilithibitisha kuingia kwa mwenzake, kiwavijeshi vamizi, mwenyeji wa Amerika aliyeonekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Yeye hujificha ndani ya koo la mhindi. Na kwenye nyanya yuko kantangaze, kiwavi mdogo sana wa nondo kutoka Amerika Kusini, aliyeingia nchini mwaka 2014, anayechimba ndani ya jani na kuacha madoa yaliyokauka. Hawa watatu wakionekana, afisa ugani aitwe mapema. Dawa ya jumla ikipuliziwa bustani nzima kwa ajili yao, wa mndimu na wa kunde hufa pia, pamoja na nyigu wadogo ambao kazi yao ya asili ni kuwaua viwavi.

Nyigu hao ni rahisi kuwajua. Ukimkuta kiwavi amepooza na mwili wake umefunikwa vifuko vyeupe vidogo kama punje za mchele, usidhani ni mayai yake. Ni watoto wa nyigu waliokua ndani yake, wakatoboa ngozi na kutoka.

Je, wajua kwamba kuna nondo mwizi wa asali anayepiga kelele?

Wafuga nyuki wa Manyoni na Itigi wana mgeni wa usiku mwenye alama ya fuvu la kichwa mgongoni: *Acherontia atropos*. Huingia mzingani, hutoboa sega kwa mrija wake mfupi mgumu na kufyonza. Mwili wake hutoa harufu inayofanana na ya nyuki wenyewe, hivyo mara nyingi hawamshambulii. Ukimshika hulia kwa sauti kali anayoitoa kwa kusukuma hewa kinywani. Wengi humwona kuwa ishara ya kifo au uchawi. Ni nondo tu, na kiwavi wake mkubwa wa manjano au kijani pengine ulishamkuta kwenye tuta la viazi.

Je, wajua kwa nini nondo huzunguka taa ya barazani?

Mwaka 2024 timu iliyohusisha watafiti wa Imperial College London ilitoa jibu kwa kutumia kamera za kasi kubwa. Wadudu wanaoruka hujua upande wa juu kwa kuugeuzia mgongo mwanga, kwa kuwa tangu zamani usiku mwanga ulikuwa angani. Taa ya barazani huvuruga hesabu hiyo: nondo huielekezea mgongo, huinama, hupinda, na hujikuta akizunguka asiweze kutoka. Kuizima taa kwa saa chache kunamfungulia.

Je, wajua kwamba viwavi wamesomesha watoto?

Gede, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke pwani ya Kenya, mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993: wanakijiji hupanda mimea ya viwavi, huwalea ndani ya neti, na pupa husafirishwa kwenye mabanda ya maonyesho ng'ambo, na malipo yake husaidia ada za shule za watoto. Wakulima wa Amani, milima ya Usambara Mashariki, walifuata mkondo huo, wakauza hadi serikali ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, uamuzi uliowakata kipato ghafla. Zanzibar, kijijini Pete jirani na Jozani, kituo cha vipepeo kilichofunguliwa mwaka 2008 huwapokea wageni. Misitu hiyo ina aina ambazo Dodoma haina, lakini kazi yenyewe inaanza kwa swali lile lile: kiwavi huyu anakula jani gani?

Je, wajua namna ya kumlea mmoja nyumbani?

Januari au Februari, kata kijitawi cha mndimu chenye kiwavi wa kijani, kichomeke kwenye chupa ndogo ya maji iliyozibwa mdomo kwa pamba ili asizame, na uweke vyote ndani ya boksi lililofunikwa kipande cha chandarua. Majani yabadilishwe kila siku, kinyesi kifutwe kisije kikaota ukungu, na jua la moja kwa moja lisimfikie. Usimlishe jani lililopuliziwa dawa, wala usimbadilishie mti: wa mndimu hatakula jani la mwembe hata afe njaa. Weka na kijiti cha kupandia. Kipepeo hutoka mara nyingi asubuhi, mabawa yakiwa yamekunjamana na yamelowa, na huhitaji nafasi ya kuning'inia saa moja au zaidi hadi yakauke. Boksi likiwa dogo yatabaki yamepinda na hataruka kamwe.

Kwa mwenye mche wa mndimu wa mwaka wa kwanza, viwavi wanne au watano wanaweza kuuacha bila jani. Watoe kwa mkono, uwahamishie kwenye mti mkubwa wa jirani baada ya kubisha hodi na kumweleza. Mti uliokomaa hauoni hasara yoyote.